Kalamu Nyekundu Haikuwa Mkononi Mwangu

Sehemu ya Sita

Aliyekosa matoleo yaliyopita nimweleze haraka, maana aibu yangu haina siri tena. Mimi ni mwalimu wa hesabu, darasa la sita, wanafunzi themanini na nane. Mzazi mmoja alipiga picha ukurasa wa daftari la binti yake, akaitupa kwenye kundi la wazazi la simu. Majibu kumi, yote sahihi. Makosa kumi, yote ya kalamu nyekundu. Na kando ya kila kosa mtu ameandika jibu lake, kwa mwandiko mzuri kabisa, na hilo jibu ndilo la uongo.

Chini ya picha mzazi aliuliza swali moja tu: "Huyu ndiye anayewafundisha watoto wetu?"

Kufika jioni wazazi arobaini na mmoja walikuwa wametupa picha zao. Kundi lile lilianzishwa kwa ajili ya kukumbushana sare na siku za usafi. Siku ile lilikuwa mahakama, na mimi nilikuwa nasoma hukumu yangu huku nakatakata vitunguu.

Wiki iliyopita nilikiri hapa jambo ambalo mwalimu mkuu hakulijua. Sikuyasahihisha madaftari yale. Aliyesahihisha ni mama mkwe wangu.

Wengine mmeniandikia kupitia gazeti mkiuliza, mwalimu, ulikuwa na akili gani? Sikuwa na akili. Nilikuwa na madaftari themanini na nane, mara tatu kwa wiki.

Na msidhani nilimpa bibi fulani wa kuokota. Mama mkwe wangu alifundisha hesabu katika shule yetu hiihii miaka thelathini na sita. Watu wazima wenye vitambi wakimwona barabarani hutupa sigara. Wanamwita Mama Hesabu mpaka leo. Alipokuja kuishi kwetu baada ya kufiwa na mumewe, alishinda sebuleni anahesabu vigae vya sakafu. Siku moja akavuta rundo la madaftari mapajani kwangu, akasema, "Nipe hayo. Utazeeka mbele yangu na mimi bado nipo."

Nikampa. Kila mara nilimwandikia karatasi ya majibu, naye akaifuata. Mihula miwili mambo yakaenda vizuri mno. Mwalimu mkuu akanisifu mbele ya wenzangu kwamba mimi pekee ndiye nisiye na deni la madaftari, nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu, mnafiki mkubwa.

Yakirudi madaftari, sikufungua ndani. Nilitazama alama iliyozungushiwa duara, nikaiingiza kwenye daftari la alama, nikatia sahihi. Hilo ni kosa langu na halina wa kunisaidia kulibeba.

Sasa tuendelee.

Jumatano niliingia stoo ya shule kutafuta chaki. Stoo yetu ina dirisha moja lenye wavu, ramani zilizochanika, na mipira isiyo na upepo. Nilikuwa nimebeba daftari la yule binti wa picha, kwa sababu tangu Jumatatu nilikuwa nalo kila mahali, nalitazama kama mgonjwa anavyotazama kidonda.

Kitu kimoja kilinisumbua. Nilishaanza kushuku kwamba Mama anasahau, lakini mtu anayeanza kusahau huandika ovyo. Majibu haya mekundu hayakuwa ovyo. Yalikuwa sehemu safi, zilizorahisishwa mpaka mwisho. Yametoka mahali fulani.

Chini ya boksi la chaki nikaona kitabu cha hesabu cha zamani, kile kilichoondolewa mashuleni miaka tisa iliyopita. Kimefungwa na gundi, jalada limeliwa na panya. Sijui nilisukumwa na nini. Nikafungua Zoezi la 14, kisha nikafungua majibu nyuma.

La kwanza, tano ya nane. Daftarini, kwa kalamu nyekundu, tano ya nane.

La pili, saba ya kumi na tano. Saba ya kumi na tano.

Nilifika la kumi nimekaa chini kwenye vumbi.

Mama hakuwa amekosea hata jibu moja. Alikuwa anasahihisha kitabu kingine.

Nieleze vizuri ili asiwepo wa kupotea. Wanafunzi wangu hawaandiki swali. Wanaandika juu kabisa "Zoezi la 14", kisha namba na jibu, basi. Sheria hiyo niliiweka mimi mwenyewe ili madaftari yasiishe upesi. Mama alikuwa ameacha kutazama karatasi yangu ya majibu. Akiona tu "Zoezi la 14", kichwa chake kilifungua kitabu alichokifundisha miaka thelathini na sita, akasahihisha kwa hicho. Nilikagua mengine. Tangu Zoezi la 9 ilikuwa hivyo, ingawa hapa na pale majibu ya vitabu viwili yalilingana, na watoto waliambulia alama kwa bahati. Mazoezi sita, watoto themanini na nane.

Na kwa alama za mazoezi hayo sita, shule yetu ilikuwa imechagua watoto kumi na wawili wa kwenda ile shule ya bweni ya vipaji.

Yule binti wa picha hakuwa kati yao. Wenzake humwita Wembe, kwa jinsi anavyokata maswali. Ningeulizwa nimtaje mtoto mmoja tu katika darasa lote, ningemtaja yeye. Tangu orodha ibandikwe alikuwa hajaja shule. Anashinda kwenye karakana ya baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, anapanga vyuma.

Alhamisi mchana nilimfuata mume wangu kazini. Yeye hutengeneza friji. Nilimkuta kichwa kiko ndani ya friji la mtu.

"Toa kichwa, nina maneno," nikamwambia.

Nikamwonyesha kitabu. Nikaweka daftari pembeni yake. Nikamweleza taratibu kuhusu zoezi la kumi na nne, kama ninavyowaeleza watoto. Alitazama muda mrefu, akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Basi iishie hapo."

"Kesho wazazi wana mkutano, na afisa elimu anakuja. Wanataka nifukuzwe."

"Nimesikia. Lakini Mama asiguswe."

"Sijasema nitamgusa."

"Ukisimama pale ukasema kichwa cha Mama kimeanza kuondoka, umemzika akiwa mzima. Watu wale ni wanafunzi wake. Hana kitu kingine duniani, unajua hana." Akanitazama. "Niahidi."

"Na mimi je?"

"Wewe bado kijana. Kazi utapata."

Nilitaka kumtupia lile friji. Lakini alikuwa analia, na sijawahi kumwona mume wangu analia, hata kwenye msiba wa baba yake. Nikaahidi.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa ameshasafisha meza. Kalamu mbili nyekundu zimelala sambamba.

"Leo hujaniletea madaftari?"

"Hawakuandika leo, Mama."

"Unawadekeza," akasema. "Mtoto asiyeandika leo kesho anakusumbua."

Nikaenda kujifungia bafuni, nikafungua bomba, nikalia.

Ijumaa, saa nane mchana. Mkutano ulifanyika darasani kwangu kwa sababu ukumbi paa lake linavuja. Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Katika siku nyingine ningecheka. Afisa elimu alikaa kwenye meza yangu. Mtu mfupi, sauti ya chini, faili moja nene. Watu wa sauti ya chini nawaogopa.

"Malalamiko yapo mengi lakini yote ni mamoja," alisema. "Kwamba mwalimu huyu hajui anachofundisha."

"Hajui," mama mmoja akaitikia nyuma.

"Basi afanye mtihani," mwingine akasema. "Hapahapa. Watoto wetu wanapimwa kila siku, yeye kwa nini asipimwe?"

Mwalimu mkuu akainuka nusu. "Jamani, jambo hilo halijawahi kufanyika. Mwalimu ana cheti, ana miaka kumi na miwili kazini."

"Cheti hata jirani yangu anacho na kuku wamemshinda," akasema yule mama, na darasa likacheka.

Nikasimama. "Nitafanya."

Afisa akafungua kitabu cha sasa, akasoma maswali matano, magumu kuliko yote ya mwisho wa sura. Nikaandika ubaoni. Chaki ilivunjika mara mbili. Nilisikia nyuma yangu wanapiga picha. Robo tatu kujumlisha moja ya sita, kumi na moja ya kumi na mbili. Baada ya hapo mkono wangu ukaniacha, ukaenda peke yake, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu nikakumbuka kwamba kazi hii naipenda.

Afisa alilinganisha na majibu ya mwongozo wa mwalimu, mara mbili.

"Yote sahihi," akasema.

Mtu mmoja akapiga makofi. Mwalimu mkuu akanitazama kwa macho ya mtu aliyepona. Nikajisemea moyoni, imekwisha, na Mama sikumtaja.

Ndipo baba yake Wembe aliposimama. Mtu mkubwa, mikono ina makovu ya cheche, kofia ameikunja mfukoni.

"Mheshimiwa, mimi sikusoma sana, mnieleweshe," alisema. "Huyu mwalimu anajua. Sote tumeona. Sasa kama anajua, mwanangu alimkosesha kwa nini?"

Akaitoa kofia mfukoni.

"Mtu asiyejua ningemsamehe. Mimi mwenyewe kuna kazi nakosea nikarudia. Lakini mtu anayejua jibu, anatazama jibu la mtoto, anaona ni lenyewe, halafu anaweka kosa. Huyo ana jambo na mtoto." Akanigeukia. "Afadhali ungekuwa hujui, mwalimu."

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, wasomaji wangu. Nilikuwa nimefaulu, na kufaulu kwenyewe ndiko kulikonimaliza.

"Anawakosesha ili waende kwake masomo ya ziada," mmoja akasema.

"Wangu alianza kusema yeye ni mjinga. Mtoto wa miaka kumi na mmoja."

"Ana chuki huyu. Mtazameni hata machozi hana."

Machozi nilikuwa nimeyamaliza bafuni.

Afisa aligonga meza kwa kalamu mpaka wakatulia. Akanigeuzia fomu nione. "Mwalimu, hapa nina nafasi mbili za kujaza. Ya kwanza, hana uwezo. Hiyo unapelekwa mafunzo, unarudi. Ya pili, makusudi. Hiyo hutarudi darasa lolote, popote. Ya kwanza umeifuta mwenyewe ubaoni."

"Na orodha ya watoto?" fundi, baba yake Wembe, akauliza.

"Orodha inaondoka leo saa kumi. Nikijua alama zimeharibika kwa sababu gani na kuanzia wapi, nazifuta zote, watoto wanafanya mtihani mpya Jumatatu. Nisipojua, siwezi kufuta kwa maneno ya mitaani. Inaondoka kama ilivyo."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika arobaini.

Nilitazama nje. Wembe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya veranda, hakuvaa sare, amevaa shati la baba yake lililokunjwa mikono. Hakutazama ndani. Alikuwa anachora na kijiti kwenye vumbi, na nilijua anachora hesabu, kwa sababu mtoto yule hajui kuchora kitu kingine.

Nilikuwa nimeahidi. Nataka mjue kwamba nilikumbuka nimeahidi.

"Sikusahihisha mimi," nikasema.

Afisa akainua macho. "Nani?"

"Mama mkwe wangu. Nilimpa madaftari nyumbani. Tangu mwaka jana."

"Mama Hesabu?" mwalimu mkuu akauliza.

"Ndiye. Ameanza kusahau. Anasahihisha kwa majibu ya kitabu cha zamani, kuanzia Zoezi la 9. Kitabu ninacho."

Nilidhani watashangaa. Nilidhani labda mmoja atanionea huruma. Darasa zima lilinitazama kana kwamba nimetema mate mezani.

"Mama Hesabu alinifundisha mimi," fundi alisema taratibu. "Hapahapa. Dawati lile. Alinikalisha mwaka mzima mpaka nikajua kupima, na kupima ndiko kunakonilisha. Umeona umezidiwa, unamtupia bibi wa watu?"

"Sina haja ya kumtupia."

"Kitabu hicho hata wewe ungeweza kukinakili," akasema afisa. "Aitwe."

Nikapiga simu mbele yao. Mume wangu akapokea mara moja, alikuwa amekaa nyumbani akisubiri.

"Umesema," akasema. Hakuuliza.

"Nimesema."

Nyuma yake nikasikia sauti ya Mama: "Nani huyo, ni shuleni? Wananitaka? Waambie nakuja, nabadili viatu."

Dakika ishirini na tano baadaye alisimama mlangoni. Gauni la bluu la kazini, limepigwa pasi. Viatu vya kufunga. Mume wangu nyuma yake, hakunitazama.

Watu wazima thelathini na kitu wakasimama kwa pamoja. Wengine walisimama na madawati yamewaganda mapajani.

"Hamjambo?" akasema Mama.

"Hatujambo, mwalimu," wakaitikia wote, kwa sauti ileile ya kuimba, wenye vipara na wenye wajukuu.

"Kaeni."

Wakakaa. Hata afisa alikaa, naye si mtu wa huku.

Hakuna aliyekuwa amemwambia anachoitiwa. Alikuja kwa furaha tupu, mikono imeshika mkoba mbele kama mtu aliyeitwa kupewa zawadi. Afisa alimpisha kwenye kiti changu, na lazima niseme alimfanyia adabu. Akachukua karatasi, akaandika maswali kumi ya sehemu kwa mkono wake, na mbele ya kila swali akaweka jibu, mengine sahihi, manne ya kudanganya.

"Mwalimu, tunaomba utusaidie kusahihisha hii."

Mama alitoa kalamu mkobani. Alivuta karatasi. Nilisikia ncha ya kalamu ikikwaruza. Vema, vema, kosa. Midomo yake ilikuwa inahesabu kidogokidogo. Nilijikuta naomba akosee, namwombea mzazi wangu akosee, na hilo sitajisamehe.

Alimaliza, akazungushia alama duara, akamrudishia.

"Manne umekosa," akamwambia afisa. "Na hili la saba umepata lakini hukurahisisha. Nne ya sita ni nini?"

Afisa akatazama. Masikio yakawa mekundu. "Mbili ya tatu, mwalimu."

"Haya. Siku nyingine usiache kazi njiani."

Darasa likalipuka kwa vicheko na makofi. Fundi alikuwa anafuta macho kwa kofia. Mume wangu alishusha pumzi ndefu, na nikaona uso wake umejaa raha, raha ya mtoto ambaye mama yake amepona, na kwa dakika moja naye aliamini kwamba mimi ndiye mwongo.

Afisa akavuta fomu. Akaenda kwenye nafasi ya pili.

"Makusudi," akasema huku anaandika. "Yalipoanzia sijui, kwa hiyo orodha inaondoka. Na naongeza, kumsingizia mzee."

Mama akageuka. "Kumsingizia nani?"

Ikambidi afisa ajibu. "Mwalimu, mkweo ametuambia kwamba umechoka kichwa. Kwamba wewe ndiye uliyewakosesha hawa watoto."

Mama alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Nilikuwa nimesimama kando ya ubao na chaki mkononi.

"Umesema hivyo, mwanangu?"

"Nimesema, Mama."

"Mbele ya wanafunzi wangu?"

Ningepewa kuchagua, ningechagua anizabe kofi pale mbele ya wazazi wote na afisa wao. Lakini Mama alikunja mikono juu ya mkoba, akafikiri kidogo, kisha akamgeukia afisa.

"Msimfukuze," akasema. "Huyu mtoto ana wanafunzi themanini na nane. Hakuna mtu wa kusahihisha themanini na nane akabaki na akili zake. Amechanganyikiwa tu, kasema asichokijua. Mimi humsaidia nyumbani na nitazidi kumsaidia. Andika hivyo hapo."

Afisa alitikisa kichwa kwa upole. "Haiandikwi hivyo, mwalimu."

Saa tisa na dakika thelathini na tano. Karani alikuwa ameshaleta bahasha ya orodha, ameiweka pembeni ya meza. Fundi alitazama bahasha, akatazama nje kwa binti yake, akakaa. Sijawahi kuona mtu mkubwa vile akikaa kidogo vile.

Hapo ndipo nilipoelewa, na naapa nilitamani nisingeelewa.

Afisa alikuwa amemwandikia maswali. Mama akiona swali, anakokotoa, na kukokotoa hakujamtoka hata chembe. Kinachompotosha ni kichwa cha zoezi bila maswali. Kumbe ushahidi wote ulikuwa mkononi mwangu. Ukurasa mmoja. Juu yake "Zoezi la 14", chini namba na majibu ya kitabu cha sasa, yote sahihi, na mwongozo uko wazi pale mezani kila mtu aone. Nimpe asahihishe. Ndani ya dakika tatu alama zingefutwa, Wembe angepata Jumatatu yake, na mimi ningebaki na kazi, au sehemu yake.

Na Mama angejua. Si mimi wa kumwambia, wala daktari. Angejionea mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya watu aliowafundisha kuhesabu.

Nikachomoa ukurasa katikati ya daftari langu la maandalizi. Nikauegemeza ubaoni, nikaanza kuandika.

Mume wangu aliona neno la kwanza tu. Yeye ndiye mtu pekee mle ndani niliyemweleza zoezi la kumi na nne.

"Usifanye hivyo," alisema.

Nikaandika jibu la kwanza.

"Nakuomba. Nakuomba, mama watoto."

Nikaandika la pili. La tatu.

"Anaandika nini?" afisa akauliza.

"Zoezi la mtoto," nikasema. "Naomba alisahihishe na hili. La mwisho."

"Mwalimu ameshapimwa," fundi akasema. "Unataka kumtesa mpaka lini?"

"Mwacheni," Mama akasema. Alikuwa ameshafungua kifuniko cha kalamu. Alinitazama bila kinyongo chochote, kama anavyonitazama kila jioni nikifika na mzigo begani.

Mwalimu mkuu akamsogezea kitabu cha sasa. Mama akakirudisha kwa kidole kimoja. "Cha nini?"

Nikamaliza la kumi.

"Lete, mwanangu, nikusaidie," akasema.

Nikampa ule ukurasa kwa mikono miwili.